Nyundo Isiyoshuka

Siku triga ilipogoma, wageni walikuwa wameshapakua chakula na Kanali alikuwa amemwelekezea mkewe bastola, kama ilivyokuwa kawaida yake kila nyumba ilipojaa watu wa kumtazama. Alivuta. Silinda ikaanza kuzunguka, nyundo ikanyanyuka kwa nyuma, na pale palipobaki unywele tu nyundo ishuke, kila mtu ashtuke halafu acheke, kidole chake kikakwama. Akavuta kwa nguvu zaidi. Mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtoka, lakini nyundo ikabaki juu.

"Imeota kutu hiyo," mgeni mmoja akasema, akaendelea kutafuna.

Wageni wakacheka, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile walikuwa wanamcheka yeye.

Tumjue mtu mwenyewe. Kanali hakuwa kanali. Hakuwahi kuwa hata mlinzi wa geti. Alikuwa muuza vigae na masinki ya choo, na vita pekee aliyowahi kupigana ni ile ya kugombea sehemu ya kuegesha gari mbele ya duka lake, nayo alishindwa na mama mmoja mwenye baiskeli. Jina la Kanali alijipa mwenyewe baada ya kununua bastola ile kwenye mnada wa vitu vya kale. Kwa kuwa mezani kwake nyama haikukosekana, wageni walimwita hivyo bila haya, maana watu huuza heshima yao kwa bei ndogo kuliko vigae.

Bastola haikuwa na kosa. Ilikuwa ya zamani kuliko watu wote waliokaa kwenye meza ile, rangi yake ya bluu imefifia pembeni, mpini wake wa mbao umelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa. Ilikuwa ya aina ile isiyohitaji kuikoki kwa dole gumba. Unavuta triga tu, na mvuto huo mmoja unanyanyua nyundo, unazungusha silinda ya matundu sita, unaifunga mahali pake, halafu unaiachia nyundo ishuke. Mwanzoni triga inakuja laini, kisha inaanza kuwa nzito, inazidi, kama ndoo inayovutwa kisimani huku inajaa. Karibu na mwisho kuna kituo kidogo ambapo mwenye mkono mzuri anaweza kusimama, akalenga vizuri, au akabadili nia. Waliotengeneza chuma kile walimwachia binadamu nafasi ya kufikiri. Kanali hakuwahi kuitumia.

Utani wake ulikuwa mmoja miaka yote. Watu wakishashiba, anaitoa bastola kwenye kabati la kioo, anahakikisha haina risasi, anamlenga mkewe katikati ya macho, anavuta. Tak! Mkewe anaruka kwenye kiti.

"Cheka basi," anamwambia. "Si utani tu?"

Mkewe anacheka.

"Hujacheka vizuri."

Tak, tena. Tak, tena. Mpaka mwanamke yule acheke kwa namna ambayo bwana mkubwa anaitaka, meno yote nje. Hapo ndipo wageni nao wanapoangua kicheko, na wa kwanza kucheka ni mdogo wa kiume wa mwanamke huyohuyo, fundi wa bunduki, aliyekaa mwisho wa meza na mfupa mkononi.

Jambo moja zaidi tuliseme, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kanali hakupenda mafuta yamwingie kwenye kucha. Kazi ya kuisafisha bastola alimtupia mkewe. Kila wiki mwanamke alitandika kitambaa, akaifungua silinda ubavuni, akapitisha kijiti chenye pamba kwenye kila tundu, akadondosha mafuta kidogo, akafuta. Mwanzoni aliifuta kwa chuki. Baadaye chuki ile ikahama kwenye chuma ikamwendea mwenye chuma, naye akawa anaifuta bastola kama anavyofuta sahani, bila haraka, kidole chake kisiguse triga hata mara moja.

Basi baada ya aibu ile, Kanali alimpelekea shemeji yake bastola. Karakana ya fundi ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vigae, na alikaa humo bure. Chumba hicho kilikuwa kimemfunga mdomo miaka mingi kuliko plasta yoyote. Kwa mikono, fundi alikuwa hodari, hilo hatumnyimi. Kwa uti wa mgongo, alikuwa konokono.

Alifungua parafujo, akabandua kifuniko cha ubavuni, akamulika kwa taa.

"Ona, shemeji," akasema. "Hiki kijino ndicho kinachosukuma silinda. Hili komeo linaingia kwenye pengo lake na kuifunga, tundu likae sawasawa na mtutu. Hapo ndipo nyundo inaachiwa. Kila kitu kinafika kwa zamu yake. Hakuna kilicholika. Springi nzima kuliko mgongo wangu."

Kanali alikuwa anaangalia simu.

"Kitu kingine. Hii inazunguka kuelekea kushoto. Nyingi unazoziona kwenye filamu zinazunguka kulia. Siku ukiweka risasi, ujue hilo, usije ukadhani ..."

"Unanifundisha bastola mimi? Nani Kanali hapa?"

"Ni wewe, shemeji."

Alipokuwa anarudisha kifuniko, fundi aliona kitu upande wa ndani. Kwenye utando wa mafuta ya zamani kulikuwa na alama ya kidole. Ilikuwa ndefu kupita kidole cha mtu, na haikuwa na mistari ile ambayo kila binadamu amezaliwa nayo. Ilikuwa laini kabisa, imekandamizwa pale nyuma ya nyundo, mahali ambapo hata njiti ya kibiriti haiingii. Akaifuta kwa kitambaa, akafunga parafujo, akanyamaza, maana mtu mwenye chumba cha bure hasemi kila anachokiona.

Akaelekeza bastola ukutani, akavuta. Tak. Laini kama siagi. Kanali akaichukua, akalenga sinki. Tak. Akamlenga fundi usoni. Tak! Fundi akacheka haraka, kabla hajaambiwa.

"Imepona," Kanali akasema.

Akaenda nayo nyumbani, akamkuta mkewe anamenya vitunguu, akamlenga kisogoni. Ikakwama.

Mvua zilipoanza, ndipo sauti ilipoanza. Kanali alikuwa anashinda dukani, na mchana mkewe alibaki peke yake na kazi za nyumba. Siku ya kwanza alikuwa jikoni anasuuza sufuria aliposikia kutoka sebuleni mlio mdogo, tik, wa komeo likichomoka kwenye pengo lake. Aliujua. Miaka yote ile mumewe alidhani anamfundisha kucheka, kumbe alikuwa anamfundisha kusikiliza. Ukafuata ule mkwaruzo wa kijino kikisukuma silinda, taratibu, taratibu kuliko Kanali alivyowahi kuvuta, kisha tik ya pili, silinda imefungwa, tundu limekaa sawa na mtutu. Akasubiri nyundo ishuke, kwa kuwa mwili wake uliujua mpangilio ule na kinachofuata, akasubiri huku sufuria linamdondoshea maji miguuni, akasubiri huku mvua inapiga bati na harufu ya nywele zilizoungua inaingia jikoni polepole kama mtu anayeogopa kuamsha watoto, na nyundo haikushuka, haikushuka, na ukimya wa kutoshuka kwake ukatanda nyumba nzima mpaka akagundua kwamba hajapumua.

Kisha mkwaruzo ule ukarudi kinyumenyume. Kitu kikaachia triga kwa upole, kama mtu aliyebadili nia.

Kesho yake ikawa vilevile. Keshokutwa yake akampigia mdogo wake simu, mkono umeziba mdomo.

"Njoo. Inavutwa."

"Nini inavutwa, dada?"

"Njoo, usipige hodi."

Fundi alikuja amelowa. Walisimama mlangoni mwa sebule wamegusana mabega kama walipokuwa watoto. Kabati la kioo lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kanali, dukani.

"Labda panya," akanong'ona.

"Panya anavuta triga, mdogo wangu?"

Tik. Fundi akamshika dada yake mkono. Ndani ya kabati, juu ya kitambaa chekundu ambacho Kanali alikitandika ili ajione yuko jumba la makumbusho, bastola ilikuwa imelala ubavu bila mtu, na triga yake ilikuwa inarudi nyuma. Ilirudi kwa uzito uleule inaokuwa nao chini ya kidole, laini, kisha nzito, kisha nzito zaidi, nyundo ikinyanyuka polepole, silinda ikizunguka kuelekea kushoto na mwanga wa dirisha ukiteleza juu yake, mpaka kwenye kile kituo kidogo karibu na mwisho, na hapo ikasimama, triga imebonyea, inatetemeka kidogo kama misuli ya mtu aliyebeba kitu kizito na kuambiwa asikiweke chini, na kioo cha kabati kikaanza kufunga ukungu kwa ndani, pumzi baada ya pumzi.

"Toka, tutoke nje," fundi akasema, akimvuta mkono. "Dada, niliona alama. Ndani yake. Alama ya kidole ambacho si cha mtu."

Mwanamke akamgeukia. "Lini?"

"Siku ile nilipoifungua."

"Ukanyamaza?"

"Sikutaka kukutisha."

"Hukutaka kumuudhi shemeji yako," akasema, na fundi akaangalia viatu vyake, kama kwamba viatu ndivyo vilivyotakiwa kujibu. Dada yake akaangalia tena kabati. "Inakwama kwangu tu. Mume wangu anasema ukuta inaupiga, wewe inakupiga. Ikinielekea mimi, kuna mtu anaizuia."

Hofu haikumtoka, tusimsingizie ushujaa. Lakini palipokuwa na hofu tupu sasa paliingia jambo jingine, ambalo hakulipata kwa mume wala kwa ndugu, nalo ni kujua kwamba kuna aliyekuwa upande wake. Likamtia uchungu kwamba huyo hakuwa mtu.

Kanali naye alisikia zamu yake ilipofika. Ilikuwa jioni, taarifa ya habari inaendelea, yeye amejilaza kwenye kochi na soksi zake. Tik, ikasema bastola. Alipoona triga inatembea yenyewe, yule shujaa wa vigae aliruka nyuma ya kochi, akamvuta mkewe mbele yake, akachungulia juu ya bega lake.

"Ni mambo ya kwenu haya!" akafoka kwa kunong'ona. "Ukoo wenu! Mmenitupia majini!"

"Iuze," mkewe akasema.

Kuiuza? Bila bastola ile angebaki nani? Angebaki mtu wa masinki. Alikuwa radhi kuishi na jini kuliko kuishi na jina lake halisi. Akaagiza mganga.

Mganga mwenyewe hakupenda kuitwa mganga, aliitwa Mtaalamu. Alifika mchana kweupe na sanduku la magurudumu na manukato makali kuliko ubani wake. Aliagiza shuka jeupe, akaweka bastola katikati, akawaketisha Kanali, mkewe na fundi kuizunguka. Kisha akafumba macho na kuanza kuunguruma kwa sauti nene aliyoitumia kila nyumba, sauti ya mtu aliyemeza kokoto.

"Mimi ni mfalme wa majini saba," akanguruma. "Nataka ..."

Hapo sauti ikamkatika. Macho yakamtoka. Alitazama huku na huku kama mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake mwenyewe ukifunguliwa na mgeni, kwa maana maisha yake yote alikuwa amemwigiza jini na hakuwahi kumwona hata mmoja. Midomo yake ikaendelea kufunguka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kavu, tulivu, ya karibu sana. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani.

"Mwambieni huyu apunguze manukato," ikasema.

Fundi akajikunyata. Kanali tayari alikuwa nyuma ya kiti.

"Nimeshikwa na mikono mingi," sauti ikaendelea. "Mingine iliua, nami nikasikia kila kitu kutoka ndani, na mikono hiyo niliichukia. Huyu mwenye vigae simchukii. Chuki ni kitu kikubwa, huwezi kumpa mtu kama yeye. Huyu namdharau. Mkono wake hauna uzito. Anavuta kama mtoto anayevuta mkia wa paka aliyefungwa."

"Mtaalamu, mtoe!" Kanali akalia.

Kichwa cha Mtaalamu kikamgeukia mwanamke. "Wewe peke yako umenigusa bila kunivuta. Umenifuta, umenipaka mafuta, ukanilaza. Kwa hiyo nyundo ninaizuia. Ukiniambia nikae, nitakaa. Ukiniambia niondoke, nitaondoka, lakini hapatakuwa na wa kuizuia."

"Mwambie aondoke!" Kanali akampigia kelele mkewe. "Sema! Unangoja nini wewe?"

"Dada, sema tu yaishe," fundi akanong'ona. "Mbona rahisi? Sema twende zetu."

Mwanamke aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mume alikuwa ameshika kiti kama ngao. Ndugu alikuwa ameshautazama mlango. Akawaza haraka kuliko alivyowahi kuwaza. Jini akikaa ndani ya chuma, mume wake atatafuta chuma kingine. Bastola zipo nyingi, na si kila moja ina mtu ndani. Lakini mkono unaovuta ulikuwa mmoja.

"Toka kwenye chuma," akasema kwa sauti, na Kanali akashusha pumzi. Kisha mwanamke akainama mpaka midomo ikakaribia silinda, akanong'ona maneno ambayo mumewe, kwa kelele zake mwenyewe za kushukuru, hakuyasikia. "Shika mkono wake."

Hakujibiwa. Mtaalamu akaanguka chali. Alipozinduka suruali yake ilikuwa imelowa, naye akasimama hivyohivyo akatangaza, "Nimemmaliza! Alikuwa mbishi, lakini nimemmaliza!" Akakusanya vitu vyake na kuondoka mbio, gurudumu moja la sanduku likibaki uani.

Bastola ilikuwa laini. Kanali aliijaribu kwenye ukuta, kwenye jokofu, kwenye uso wa shemeji yake. Tak, tak, tak. Hakumlenga mkewe. Utu haukuhusika hapo, alikuwa anamweka akiba kwa ajili ya wageni.

Akawaalika walewale waliomcheka. Meza ikajaa. Mkewe alipakua kila sahani kwa mkono wake, halafu akaketi mahali pake, mkabala na mumewe. Hakuwa na uhakika wa chochote. Jini hakumpa neno lolote la kukubali, na tangu siku ile kabati lilikuwa kimya. Kitu pekee alichokiona ni kwamba Kanali, akishika kikombe, alikuwa na tabia mpya ya kukunja kidole cha shahada polepole, kisha kukikunjua, bila mwenyewe kujua.

"Mlisema imeota kutu," Kanali akawaambia wageni. Akatoa risasi mfukoni, akaiinua waione. "Leo ni mchezo wa wanaume. Moja tu. Naiweka hapa, kulia kwa nyundo. Silinda inaondoka nayo kwenda chini, inakuja tundu tupu, halafu tupu, halafu tupu. Hii inafika mwisho kabisa. Na mimi navuta mara moja. Kuna mwenye wasiwasi?"

Mgeni mmoja akasogeza kiti nyuma. Hakuna aliyesimama.

Fundi alikuwa ameacha kutafuna. Alijua. Hii ilizunguka kushoto, na risasi iliyowekwa kulia kwa nyundo ndiyo ya kwanza kufika. Alifungua mdomo.

"Shemeji, hiyo inazunguka ..."

"Nyamaza, kula."

Naye akanyamaza. Dada yake yuko mbele ya mtutu, na yeye akanyamaza, na hata mkono ukarudi kwenye sahani. Wapo watu ambao Mungu akitaka kuwapa nafasi ya kuwa watu, huikataa kwa heshima zote.

Kanali akamlenga mkewe katikati ya macho, akavuta.

Tik. Mwanamke alikuwa anatazama bastola kutoka upande ambao mwenye bastola haoni. Pembeni mwa mtutu, mkono wake wa kushoto, kwenye mdomo wa tundu moja, aliiona pua ya risasi, ya kijivu, ya mviringo, na akaiona ikianza kutembea, si kwenda chini kama mumewe alivyotangaza bali kupanda kuelekea mtutu, polepole, na akakisikia kijino kikikwaruza, na akataka kuinuka na miguu ikakataa, na akataka kusema "inazunguka kushoto" na ulimi ukakataa, na pua ile ya kijivu ikasogea, ikasogea, ikapita nyuma ya mtutu ikapotea, na tik ya pili ikalia, na sasa kati ya macho yake na risasi ile hapakuwa na kitu isipokuwa unywele mmoja wa triga na kidole cha mwanamume asiyejua kabisa alichokishika.

Kikasimama.

"Tena?" mgeni akauliza, kicheko kikimtoka puani.

Uso wa Kanali ukabadilika. Safari hii hakikuwa chuma kilichokataa. Aliisikia triga chini ya kidole, laini, tayari, inangoja kubonyezwa kidogo tu. Kidole chake mwenyewe ndicho kilichokataa. Akataka kuvuta, hakikuvuta. Akataka kuachia, hakikuachia. Kisha kiwiko chake kikaanza kukunjika. Mkono ukageuka taratibu na bastola yake, ukapita juu ya sahani, ukapita juu ya glasi, watu wakainama huku na huku kila mtutu ulipowapitia, mpaka mdomo wa bastola ukatulia chini ya kidevu cha Kanali, nyundo imenyanyuka, triga imebonyea, inatetemeka. Harufu ya nywele zilizoungua ikaja juu ya harufu ya nyama.

"Sio mimi," Kanali akanong'ona. "Jamani, sio mimi. Shemeji, nisaidie."

"Usiguse!" fundi akasema, mwishowe amepata sauti, akiwa chini ya meza. "Msimguse! Risasi ipo juu! Mtu akimtikisa tu, inashuka!"

Wageni wakatoka mmoja mmoja, kwa ncha za vidole. Mmoja alibeba sahani yake.

Mwanamke alibaki ameketi. Alingoja mpaka mwili wake ukawa wake tena. Kisha akainuka, akaanza kukusanya vyombo, sahani juu ya sahani, bila haraka.

"Mke wangu," Kanali akasema, machozi yanamtelemka hadi kwenye mtutu. "Mke wangu, mwambie. Wewe anakusikia. Mwambie aniachie."

"Kwani kuna nini?" akamuuliza. "Si utani tu?"

"Nakuomba."

"Cheka basi."

Kanali akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha mbuzi aliyekanyagwa. Mkewe akakisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande kama mwalimu.

"Rudisha," akasema, na hakuwa anamwambia Kanali. Kidole kikakunjuka polepole, mkwaruzo ukarudi kinyumenyume, nyundo ikalala bila mlio, na bastola ikaanguka juu ya mabaki ya chakula.

Jioni hiyohiyo fundi aliitoa risasi, akaikata bastola vipande kwa msumeno wa chuma, dada yake akiwa amesimama mlangoni anamtazama. Alikata mtutu, akakata silinda, akapondaponda kijino na komeo. Jina la Kanali likafa lenyewe. Siku hizi mtaani wanamwita Masinki.

Lakini kila siku alasiri, mume na mke wakiwa mezani, mkono wa kulia wa yule bwana huinuka pale ulipolala. Amejaribu kuufunga kwa kamba, amejaribu kuukalia. Huinuka tu. Kidole cha shahada hukunjika chenyewe, laini, kisha kwa uzito, na mifupa ya vifundo hulia kwa zamu yake, tik, kisha mkwaruzo, kisha tik ya pili, mpaka kwenye kile kituo kidogo karibu na mwisho, na hapo husimama, chini ya kidevu chake, kikitetemeka. Hakuna chuma mkononi. Hakuna nyundo. Hata hivyo anafumba macho na kungoja ishuke, na jasho linamtoka, na mkojo pia siku nyingine.

"Cheka," mkewe humwambia, akimenya chungwa. Naye hucheka.

Majuzi fundi alikuja kuwasalimia, akayaona hayo kwa macho yake, akamfuata dada yake jikoni.

"Dada, ukimwambia jini amwachie, si atamwachia?"

"Atamwachia. Hata sasa hivi."

"Sasa mbona humwambii? Anatia huruma."

Mwanamke akafuta kisu kwa kitambaa, polepole, upande mmoja, kisha upande wa pili, akakilaza mahali pake. Kutoka sebuleni kicheko kilikuwa bado kinaendelea.

"Bado," akasema. "Hajacheka vizuri."